Karatasi ya hatua ya tano na nusu: shajara ya jumuiya yetu na Injili ya Luka

Januari. Dominika ya 3 ya Mwaka C

Mradi wetu wa kuandika karatasi za maelezo ya Injili za Dominika umeanza rasmi Jumamosi hii, na Injili yenyewe imetuangukia vizuri: katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, Mwaka C ni wa Luka. Luka anafungua kitabu chake kwa kumwambia Theofilo kwamba wengi wameshaandika, na kwamba yeye naye amefuatilia mambo yote tangu mwanzo kwa waliokuwa mashahidi. Mimi nafundisha historia sekondari. Mtu anayeanza kwa kutaja vyanzo vyake namwelewa haraka. Halafu somo linaruka mpaka sura ya 4, Yesu yumo katika sinagogi la Nazareti, anapewa chuo (kitabu) cha nabii Isaya, anasoma, anaketi, anafafanua. Ndiyo Dominika ambayo Papa Fransisko aliitenga mwaka 2019 iwe ya Neno la Mungu.

Kwa asiyetujua: kila Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na kazini, familia za mtaa huu hukutana nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu na kusoma Injili itakayosomwa kanisani kesho yake. Tunafuata hatua saba, utaratibu uliotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ukaenea hadi huku. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mtu anataja neno lililomshika, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaulizana wiki hii tumeitwa kufanya nini, tunamaliza kwa sala. Jumuiya ndogo ndogo zilishakuwapo kabla wengi wetu hatujazaliwa: maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976.

Hatua ya tano ina kanuni ambayo katekista wetu haachi kuirudia. Hatujadili alichosema mwenzetu, hatumsahihishi, hatuhubiri. Mtu anasema kilichomgusa yeye, basi. Ni kanuni nzuri sana. Imemfanya mama mwenye genge pale kona, ambaye shule aliiacha mapema, aseme mbele ya walimu na wahasibu bila kubabaika, na mara nyingi anachosema yeye ndicho tunachoondoka nacho.

Lakini Kwaresima ya mwaka jana kanuni hiyo ilitufunga midomo. Siku hiyo tulisoma pia somo la kwanza, Amri Kumi, Kutoka 20. Kati yetu alikuwepo mama aliyefiwa na mtoto muda si mrefu. Zamu ilipomfikia mwenzetu mmoja, akasema neno lililomgusa ni lile la Mungu kuwapatiliza wana maovu ya baba zao, na kwamba msiba ukiingia nyumbani mtu ajichunguze. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameguswa kweli, na alikuwa akijisema mwenyewe kuhusu ukoo wake. Kila mtu aliona sura ya yule mama, na hakuna aliyejibu kwa sababu utaratibu haukuruhusu. Tangu siku hiyo haji.

Ezekieli 18 inajibu jambo lile lile waziwazi: mwana hauchukui uovu wa baba yake. Kutoka 20 na Ezekieli 18 zote zimo katika Biblia moja iliyokuwa mapajani mwetu. Aliyejua hakuwa na mahali pa kusema.

Basi mradi ndio huu: karatasi moja, upande mmoja, kwa kila Injili ya Dominika tutakayoiweza mwaka huu. Iwe na maelezo ya kutosha ili tusimnyamazishe mtu, na pia tusiache Neno ligeuzwe fimbo. Tuko watatu: mimi kama katibu, katekista, na kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, anayeendesha bodaboda, ambaye anachapa kwa simu kwa kasi kuliko mimi kwa kompyuta. Baba Paroko ameniazima vitabu viwili vya ufafanuzi na kuahidi kupitia kila karatasi kabla haijatolewa kopi.

Februari

Ubishi wa mwezi mzima ni mmoja: karatasi isomwe lini?

Katekista anataka isomwe mwanzoni kabisa, kabla ya Injili. Hoja yake ina uzito. Watu wakishasema, wameshasema; ukija na maelezo baadaye unaonekana umekuja kuwaumbua. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu reli, hataki karatasi kabisa. "Mwalimu," aliniambia, "mimi kanisani nimehubiriwa miaka sitini. Hapa ndipo mahali pekee ninapoulizwa mimi nimesikia nini. Mkileta karatasi, na hapa patakuwa darasani."

Nimeelemea upande wa mzee kuliko nilivyotegemea. Darasani nimeona jinsi jibu lililoandikwa linavyoua swali. Mwanafunzi akishaona jibu la kitabu hasomi tena hati yenyewe. Anaitafutia hati njia ya kufika kwenye jibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya ufunuo, unataka msomaji atafute mwandishi alikusudia kusema nini na kwa mtindo gani wa uandishi, maana shairi si historia na historia si unabii. Hati hiyo hiyo inahimiza waamini wote wasome wenyewe, na kusoma kuandamane na sala. Haisemi kipi kitangulie.

Tumekubaliana hivi: karatasi inasomwa baada ya kushirikishana na kabla ya kuulizana tufanye nini. Kwa namna hiyo hakuna anayekuja akiwa ameshalishwa la kusema, na hakuna uamuzi wa jumuiya unaopita bila kupimwa na andiko. Vijana wameshaipa jina: hatua ya tano na nusu. Baba Paroko alicheka, akasema jina hilo lisifike jimboni.

Gharama: kopi moja shilingi mia, steshenari ya karibu na kigango. Mweka hazina ameridhia kwa masharti ya risiti.

Machi. Dominika ya 3 ya Kwaresima

Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Yesu mwenyewe anaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Mnadhani walikuwa wakosefu kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Sivyo, nawaambia.

Karatasi ya wiki hii ilikuwa fupi kuliko zote, na nilihakikisha inabaki fupi. Siloamu ni eneo la kusini mwa Yerusalemu ya kale, penye birika ambalo wachimbaji wa mambo ya kale walifukua ngazi zake mwaka 2004. Mauaji ya Wagalilaya hayatajwi kwingine, ila mwanahistoria Yosefo anasimulia Pilato akiwapiga watu kwa marungu walipopinga fedha za Hekalu kutumika kujenga mfereji wa maji. Kwa hiyo habari kama hiyo haikuwa ngeni kwa waliomsikiliza. Mwishoni tukaweka Kutoka 20 na Ezekieli 18 zikitazamana, bila neno lolote letu.

Katika kushirikishana, mama mwenye genge alisema limemgusa neno "mnadhani". Alisema Yesu anawauliza wanavyodhani kabla ya kuwaambia anavyojua. Nimeliandika hapa kwa sababu ni hoja bora kuliko zote tulizotoa Februari kutetea mpangilio wetu, na imetoka kwa mtu ambaye hakuwepo kwenye ubishi.

Aliyesema yale maneno mwaka jana alikuwepo. Hakuna aliyemgeukia. Yule mama bado haji. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, humtembelea nyumbani, na wamempelekea karatasi hii pamoja na sukari na sabuni, bila maelezo.

Machi. Dominika ya 4 ya Kwaresima

Mwana mpotevu. Hapa nilifanya jaribio, kwa ruhusa ya kamati.

Kuna mtaalamu wa Agano Jipya huko Marekani, Mark Allan Powell, Mlutheri, aliyewapa watu mfano huu wausome, wafunge kitabu, kisha wausimulie kwa kumbukumbu. Kati ya Wamarekani 100, ni 6 tu waliokumbuka kwamba nchi ile iliingia njaa kuu. Wote walikumbuka kwamba kijana alitapanya mali. Akarudia zoezi hilo kwa watu 50 huko St. Petersburg, Urusi, mji uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani kati ya 1941 na 1944 na kupoteza mamia ya maelfu ya watu kwa njaa. Huko 42 walitaja njaa. Halafu akafika Tanzania, akawauliza wanafunzi wa teolojia kwa nini kijana yule aliishia kufa njaa kwenye mazizi ya nguruwe. Wengi hawakutaja anasa wala ukame. Walisema: kwa sababu hakuna mtu aliyempa kitu.

Sikuwasimulia jumuiya habari hiyo kwanza. Baada ya kusoma, niliomba tu kila mtu aseme kilichomfikisha kijana pale. Mzee wa reli: "Alikuwa ugenini na hana ndugu." Mama mmoja mpangaji aliyehamia mtaani kwetu hivi karibuni: "Wenyeji wa pale walimwona, wakapita." Kijana wa bodaboda ndiye pekee aliyesema alikula ujana, na wenzake wakamwambia anajisema mwenyewe.

Kisha nikasoma karatasi yenye habari za Powell. Kimya. Halafu katekista, ambaye siku zote hutuonya tusiingize maisha yetu ndani ya andiko, akafungua tena Luka 15, mstari wa 16, akausoma polepole: wala hapana mtu aliyempa kitu. Umo. Haukuingizwa na sisi. Mafungu mazima ya ufafanuzi niliyosoma wiki nzima katika vile vitabu viwili yanapita juu ya mstari huo kama haupo.

Naliona jambo hili ni kubwa. Tumezoea kudhani mtaalamu anaona andiko lilivyo, na mtu wa kawaida anaona maisha yake tu. Wale Wamarekani nao walikuwa wanaona maisha yao: nchi ambayo mtu akianguka, huulizwa alifanya nini. Vitabu nilivyoazimwa viliandikwa na watu wa namna hiyo. Nilichopata kwao ni kingi, na sina mpango wa kuviacha, ila tangu leo nauliza kila kitabu kimeandikwa wapi.

Pasaka hadi Pentekoste

Injili nyingi zimetoka Yohane, nasi ahadi yetu ilikuwa Luka. Mitihani ya shule, mvua, nyumba mbili za zamu zikaingia maji. Karatasi chache. Baba Paroko amehamisha kipindi chetu kimoja kwa ajili ya kipaimara. Hakuna la kuandika.

Julai. Dominika ya 15

Msamaria mwema, mfano ambao kila mtu anaujua, na kwa hiyo hausikiki tena.

Nimeandika karatasi mara mbili zaidi ya kawaida kwa urefu, kwa sababu nilitaka jumuiya ione kwamba ufafanuzi nao una historia yake. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyefariki mwaka 430, aliusoma hivi: mtu aliyeshuka ni Adamu, Yerusalemu ni mji wa mbinguni, wanyang'anyi ni shetani na malaika wake, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo. Hata zile dinari 2 alizipatia maana. Wataalamu wa leo hawafuati njia hiyo. Wanasema Luka hakuwa na Paulo akilini alipomtaja mwenye nyumba ya wageni, nami nakubaliana nao.

Lakini Agostino huyo huyo aliliwazia jambo letu kuliko wengi. Katika maandishi yake juu ya kufundisha dini, anasema mtu akilielewa andiko tofauti na alivyokusudia mwandishi, na uelewa wake ukajenga upendo wa Mungu na jirani, hajapotoka kwa namna ya kudhuru wala hajasema uongo. Ni kama mtu aliyeacha barabara akakatiza shambani na bado akafika inakokwenda barabara. Hata hivyo asahihishwe, anasema, maana akizoea kukatiza, siku moja atapotelea huko.

Sehemu zote mbili za kauli hiyo tunazihitaji. Jumuiya yetu hupenda ya kwanza. Kamati yetu hupenda ya pili.

Ufafanuzi uliozua mjadala hasa ni wa kuhani na Mlawi, mhudumu wa Hekalu, waliompita yule majeruhi. Karibu kila homilia niliyowahi kusikia inasema walipita kando kwa kuogopa unajisi wa maiti, ili wasikose kuhudumu hekaluni. Amy-Jill Levine, mwanazuoni wa Marekani ambaye ni Myahudi na amefundisha Agano Jipya miaka mingi, anapinga kwa sababu ambazo mtu yeyote mwenye Biblia anaweza kuzikagua. Kuhani *alishuka* kwa njia ile. Njia ile, kama kilomita 27, inashuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, mita elfu moja hivi kwenda chini. Kama alikuwa na zamu hekaluni, alikuwa ameshaimaliza. Tena mtu yule hakuwa maiti, na hata angekuwa maiti, Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi wa karibu mwaka 200, inataka hata kuhani mkuu amzike aliyekutwa amekufa bila mtu wa kumzika. Hivyo udhuru wa sheria hakuwa nao. Alipita tu.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamsingizia Musa?" aliuliza mzee.

Katekista alikaa kidogo, akasema, "Inaonekana hivyo, mzee wangu."

Kilichotokea kwenye hatua ya sita kilikuwa tofauti na kawaida. Udhuru wa kuhani ulipoondolewa, na sisi tulibaki bila udhuru. Bodaboda akasema wazi kwamba usiku akiona mtu amelala barabarani hasimami, kwa sababu wapo wanaojilaza ili wakuvamie, na hatasimama hata baada ya Injili hii, ila atapiga simu. Hakuna aliyemsema. Nilidhani katekista atamsema.

Agosti

Tumebadili muundo wa karatasi kwa ombi la watu. Kila sentensi sasa inaanza na moja ya alama tatu. *Imeandikwa*: unaweza kuweka kidole juu ya mstari. *Yajulikana*: wataalamu wanakubaliana kwa kiasi kikubwa, na kuna ushahidi nje ya andiko. *Wengine hudhani*: ni dhana ya mtu mwenye elimu, bado dhana. Mawazo ya kugawa hivi yametoka kwa mhasibu wetu, aliyechoshwa na karatasi ambazo mambo yote yana sauti moja.

Kazi imekuwa ngumu zaidi kwangu. Sentensi nyingi zilizokuwa zinasikika kama elimu zimehamia fungu la tatu.

Septemba. Dominika ya 25

Hii ndiyo niliyokuwa nikiiogopa tangu Januari. Luka 16, wakili (yaani msimamizi) dhalimu. Tajiri anamfukuza msimamizi wake kwa kutapanya mali. Msimamizi, kabla hajakabidhi hesabu, anawaita wadeni mmoja mmoja. Aliyedaiwa vipimo mia vya mafuta anaandikiwa hamsini. Aliyedaiwa mia za ngano anaandikiwa themanini. Na bwana anamsifu.

Lazima nieleze kwanza mtaa wetu. Mikopo ya kausha damu imeingia kila nyumba. Unakopa laki, unarudisha kwa riba ya wiki, mkopeshaji anakaa na kadi yako ya benki na namba yake ya siri, au na godoro na friji. Mama wawili katika jumuiya wamehama usiku. Na mjumbe wetu mmoja, mtu mwema, mtoaji kanisani, anakopesha. Kila mtu anajua. Alikuwa amekaa karibu na mlango.

Kushirikishana kulikuwa kukali. Muuza mitumba alisema limemgusa neno "andika hamsini", na kwamba angempata mtu wa kumwambia hivyo angemwita mtume. Mtunza stoo wa kiwanda alisema yeye hawezi kabisa kumpenda mtu huyu, maana wizi wa namna hiyo ndio unaofukuzisha watu kama yeye. Mhasibu alisema hivyo hivyo kwa lugha ya mahesabu. Mjumbe wa mlangoni alisema hana la kushirikisha leo.

Halafu hatua ya tano na nusu. *Imeandikwa*: Torati inakataza kumtoza ndugu riba, Kutoka 22, Walawi 25, Kumbukumbu la Torati 23. *Yajulikana*: madeni haya ni makubwa mno kwa matumizi ya nyumbani, vipimo mia vya mafuta ni zaidi ya lita elfu mbili kwa hesabu ya chini, ni biashara ya shamba zima. *Wengine hudhani*: mwanazuoni wa sheria Duncan Derrett, na baada yake Padre Joseph Fitzmyer, Myesuiti, waliandika miaka ya 1960 kwamba kile msimamizi alichopunguza kilikuwa riba iliyofichwa ndani ya hati ya deni, na Fitzmyer akasema ilikuwa faida ya msimamizi mwenyewe. Kama ndivyo, hakumwibia bwana wake hata tone; aliacha chake.

Duara lote lilichangamka. Sasa mfano ulikuwa wetu kabisa: mkopeshaji aliyeacha riba, na Mungu akamsifu. Macho yakaanza kwenda mlangoni.

Katekista ndiye aliyeinua mkono, akaomba tuangalie sentensi ile imeanza na alama gani. Wengine hudhani. Akasoma mstari wa 5: wawiwani na bwana wangu? Deni linatajwa kuwa la bwana. Andiko halisemi popote kwamba ile hamsini ilikuwa ya msimamizi. Inawezekana ilikuwa, na inawezekana haikuwa.

Hapo nilielewa nilichokuwa nikikitafuta mwaka mzima bila kukipatia jina. Mwaka jana mtu alichukua mstari unaofanana na hofu yake, akaufanya sauti ya Mungu. Leo tulikuwa tunachukua mtaalamu anayefanana na hasira yetu, na kumfanya vile vile. Elimu haituponyi na ugonjwa huo kwa sababu tu ni elimu. Mtu anaweza kujichagulia mwanazuoni kama anavyojichagulia aya, tena anakuwa mbaya zaidi, maana sasa ana jina la Kizungu la kukupiga nalo.

Sikuwaambia hayo kwa maneno hayo. Nilisoma tu sehemu ya mwisho ya karatasi, ambayo ilikuwa imebaki. Baada ya mfano, Luka anaweka misemo kadhaa mfululizo: wana wa ulimwengu huu wana busara kuliko wana wa nuru, jifanyieni rafiki kwa mali ya udhalimu, aliye mwaminifu katika lililo dogo, huwezi kumtumikia Mungu na mali. Haifanani. Mwanazuoni wa Wales, C. H. Dodd, alisema inaonekana kama vidokezo vya mahubiri matatu tofauti juu ya mfano mmoja. Maana yake, kabla Luka hajaandika, watu walikuwa wameshausikia mfano huu kila mmoja kwa namna yake, na yeye hakuchagua mmoja akatupa mingine. Aliiacha yote kando kwa kando, pamoja na ule unaomfaa mtunza stoo.

Hatua ya sita. Jumuiya imeamua kuanzisha mfuko wa dharura, bila riba, wa kuwakomboa wenye kadi zilizoshikiliwa, kuanzia na wale wenye deni dogo. Mweka hazina ataandika utaratibu. Mjumbe wa mlangoni alichangia wa kwanza, kiasi kikubwa, na hakusema kitu kuhusu biashara yake. Mama mwenye genge aliniuliza nje, tukivaa viatu, kama kiasi kile kinatoka kwenye riba. Nikamwambia sijui. Akasema basi hiyo nayo iandike fungu la tatu.

Oktoba. Dominika ya 29

Mjane na kadhi asiyemwogopa Mungu. Karatasi ya mistari michache, kwa sababu wajane watatu wa jumuiya waliijaza Jumamosi nzima kwa habari za mirathi, mahakama ya mwanzo na shemeji zao. Nilichokuwa nimeandika kuhusu hadhi ya wajane katika Torati kilikuwa sahihi, na hakuna aliyekihitaji. Katekista alipendekeza tusiisome karatasi kabisa wiki hii. Hatukuisoma.

Mfuko umekomboa kadi ya kwanza.

Novemba. Mwisho wa Mwaka C

Dominika ijayo ni ya kwanza ya Majilio. Tunaingia Mwaka A, Mathayo. Kamati imekaa kupanga, na mzee wa reli ameomba aingie kwenye kamati, "ili kuwalinda wasiosoma na ninyi mnaosoma." Tumemkubali.

Injili ya kufungulia ni Mathayo 24: kama siku za Nuhu, wawili watakuwako kondeni, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa. Maswali yameshaanza kabla hata karatasi haijaanza. Mtaani kuna mahubiri ya spika kila jioni kuhusu unyakuo, magari yatakayobaki barabarani bila dereva, na bodaboda wetu ameambiwa na abiria wake kwamba pikipiki yake itabaki bila yeye, au yeye atabaki nayo.

Rasimu mpaka sasa. *Imeandikwa*: mstari wa 39, gharika ikaja, ikawachukua wote, katika habari ya Nuhu waliochukuliwa ndio walioangamia, na walioachwa ndio waliookoka. *Imeandikwa* pia: 1 Wathesalonike 4:17, Paulo anasema tutanyakuliwa katika mawingu. *Yajulikana*: mafundisho ya kwamba waamini watanyakuliwa kwa siri kabla ya dhiki kuu yalienezwa na mhubiri John Nelson Darby miaka ya 1830, na yakasambaa sana kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. *Wengine hudhani*: hapa wataalamu wamegawanyika kama katika Mathayo kutwaliwa ni kuokolewa au ni kuangamia, na nimeviweka vyote viwili.

Mzee ameisoma rasimu, akairudisha na swali moja limeandikwa pembeni kwa penseli: wale wawili kondeni walikuwa wanalima shamba la nani? Sijui kama lina jibu katika kitabu chochote, lakini nimelipigia mstari, na Jumamosi ataulizwa yeye kwanza.